Farasi Aliyefuata Masharti

Mama, shikamoo. Picha ya kadi hii ni ya Guangzhou ila kisa ni cha milimani, na usiwasomee wamama wa kwaya kabla hujacheka peke yako.

Laoban wangu, yaani tajiri ninayenunua kwake magauni pale soko la Shahe, alinipakia kwenye gari lake lenye kitanda na jiko, twende kwenye nyika ya serikali huko milimani kuona farasi wa porini. Njia nzima alinihubiria kwa simu inayotafsiri: usiwakaribie, usipige kelele, usiwalishe. Farasi akisogea, wewe rudi nyuma.

Tulipofika nikasonga ugali humo garini, ugali wa ile dona uliyonifungia. Naupakua tu, farasi mmoja, mdogo kama punda, huyo anakuja. Tukarudi nyuma. Akasogea. Tukarudi tena, adabu tupu, tukatokea mlango wa pili, mpaka sisi tuko nje mvua inatunyeshea na yeye kaingia garini mzima mzima!

Nikataka kumfuata na mwiko. Laoban akanidaka mkono, "Bu xing!", kwa sauti ileile anayonikatalia punguzo.

Ugali ulipokwisha, farasi akatoa kichwa dirishani akatuangalia tulivyolowa. Mama, masharti yote aliyafuata yeye: tangu aingie garini hakutukaribia, hakupiga kelele, wala hakutulisha.

Magoti yako yapone, nakuombea kila siku. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe dona nyingine.

Mwanao mwenye njaa,
Tumaini