Picha ya Jicho la Mama

Mwenzangu, nimetoka kliniki ya macho na hasira zangu. Kaka yangu alijua!

Daktari katuonyesha, mimi, kaka na mama, picha ya ndani ya jicho la mama, ile ya kabla hajapasuliwa kutolewa utando ulioota nyuma ya jicho na kumfanya aone vitu vimepinda. Akasema, "Mama, kama nilivyomweleza mwanao huyu siku ya upasuaji, tabaka hili la kuonea lilishaharibika. Hutaona vitu vimepinda tena, lakini kutia uzi kwenye sindano usitarajie."

Nilivyomweleza mwanao! Miezi sita tangu apasuliwe, mama, fundi cherehani mzima, anahangaika na sindano kila asubuhi, na kaka kakaa pembeni anamwambia vuta subira.

Nikamgeukia: ulijua? Eti, "Sikutaka kumkatisha tamaa."

Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Mama akanishika mkono.

"Mwache. Mimi nilijua tangu mwezi wa pili baada ya kupasuliwa. Zile sindano nilikuwa najaribu ili yeye asikate tamaa."