Kumtafutia Kaka Programu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejipa kazi: kutafuta programu ya kupangia kitabu chetu kuhusu udongo. Sura, vichwa, na vichwa vidogo chini yake, vinavyokunjwa na kukunjuliwa. Ifanye kazi kwenye laptopu yangu, kwenye kompyuta ya Kaka yenye mfumo mwingine kabisa, na kwenye simu zetu. Tena isomeke kwa sauti, maana Kaka haoni tangu mwaka jana, na kompyuta yake ndiyo humsomea kilichoandikwa.

Mhariri anataka mpangilio Ijumaa ijayo. Nimemwambia alale usingizi. Mimi ni bibi shamba mstaafu, lakini kwa kompyuta — acha nijisifu, nani anasoma humu?

Jumanne, 4 Machi

Ya kwanza ni nzuri ajabu! Rangi, vishale, sura nzima unaiburuta kwa kidole. Nikaipeleka kwa Kaka kifua mbele. Kompyuta yake ikasoma: kitufe, kitufe, kitufe. Basi. Wifi yangu, mke wa Kaka, alicheka mpaka akakaa chini.

Kaka hakucheka. Akasema nipange mwenyewe nitakavyo.

"Wewe ndiye unayeona, mdogo wangu."

Mtu huyu tumebishana tangu utotoni, hata juu ya rangi ya udongo wa uani. Tangu macho yaondoke, kila ninachosema ni sawa. Sitaki sawa!

Alhamisi, 6 Machi

Ya pili inasoma vizuri kwenye simu. Kwenye kompyuta yake inasoma pia, ila kwa mkupuo mmoja. Jina la sura na kichwa kidogo cha mwisho, sauti ile ile. Kaka akauliza kwa upole kipi kiko chini ya kipi. Mashine haikuwa na jibu, nikamjibu mimi.

Kisha akasema jina lake litolewe kwenye jalada. Kitabu asichoweza kukipanga kwa mkono wake si chake.

Nimekataa. Nimemwambia nina programu nyingine. Sina.

Jumamosi, 8 Machi

Ninayo! Ina sura mbaya, ya kizamani, herufi tupu, rangi hata moja hakuna. Imekubali kwangu, imekubali kwake. Na kwake inataja ngazi! "Ngazi ya kwanza. Maji. Imekunjwa." Kaka akabonyeza. "Ngazi ya pili. Mvua." Akakaa wima. Akashuka, akapanda, akafunga, akafungua, bila kuniuliza kitu.

Simu ndiyo inagoma: unasoma tu, huhamishi kichwa. Sawa, simu ikae mfukoni.

Kichwa kimevimba, sikatai. Nimempigia hata mhariri, na sikuwa na shida naye.

Jumapili, 9 Machi

Nipo jikoni kwa Kaka. Amenifukuza chumbani, eti naguna kila akibonyeza. Wifi anamenya viazi, mimi naandikia gotini. Sauti ya kompyuta inapenya mlangoni.

"Ngazi ya kwanza. Mmomonyoko."

Sura yangu! Miaka yangu yote ya kutembea mashambani imo humo. Namsikia akibonyeza. Kisha:

"Ngazi ya pili. Mmomonyoko. Chini ya Maji."

Amenishusha! Sura yangu nzima kaisukuma chini ya sura yake, na ruhusa hakuomba. Wifi ameacha kumenya, ananitazama. Nimekasirika kweli, na machozi yananitoka kwa furaha. Kiburi cha kaka yangu kimerudi, na aliyekirudisha ni mimi.

Nimempazia sauti kwamba mmomonyoko si wa maji peke yake. Upepo je?

"Upepo nimeufuta," anajibu. "Njoo ubishe."

Kaufuta! Nakwenda —