Mistari Minne Iliyopotea

Jumatatu, 3 Machi

Bango limepandishwa leo. Nimeliona nikitoka kununua uzi na zipu, nikasimama katikati ya watu kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Gauni langu! Lile la mistari nililoshona Januari kwa tangazo la sabuni. Sasa ni refu kuliko nyumba.

Nimejivuna, sitaki kujidanganya. Aliyelivaa ni yule dada niliyempachika jina Kicheko, maana siku ya vipimo alicheka kila tepe ilipomgusa. Kiuno inchi 29. Akala mkate wangu na yai langu, kisha akaomba chumvi. Nikasema huyu ni wangu.

Ila kuna kitu kwenye ile picha sikipendi. Sijui nini.

Sketi ya shule ya binti yangu imerudi mezani. Anataka ipunguzwe kiuno tena. Mara ya tatu! Kitambaa hiki kinalegea, hakuna kingine. Muuza vitambaa atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua. Ni mistari.

Lile gauni nililikata mwenyewe. Mbele ya kiuno, mshono hadi mshono, mistari kumi na minne. Nakumbuka kwa sababu nilifumua mara mbili ili ikae sawa. Leo nimesimama chini ya bango nikahesabu kwa kidole. Kumi. Nikarudia. Kumi. Muuza magazeti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, mistari minne. Akacheka, akadhani natania.

Nimempigia bosi wa matangazo. Hana hata aibu. Eti kompyuta imepunguza kidogo, ni kawaida, hata shingo imeongezwa. Eti mama, nani atahesabu?

Mimi nahesabu. Wamemchonga mtu mzima kama penseli, na kazi ya mikono yangu ndiyo inayowaumbua. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Binti amekuja dukani. Kwenye simu yake ana picha ya bango. Anataka gauni kama lile, kwa vipimo vya yule. Nikamuuliza, si vyako? Akasema vyake viko njiani.

Nikamweleza yote. Mistari, kompyuta, bosi. Nikamwambia yule kiuno chake ni 29, nimempima kwa tepe hii hii. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. Akasema, unasema hivyo ili nile tu.

Ili nile.

Alipoondoka nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wake. Novemba, 28. Desemba, 26 na nusu. Januari, 25. Jumatatu hii, 23 na nusu. Mwandiko ni wangu. Tepe nilizungusha mimi, mara zote, chaki sikioni, nikimlaumu muuza vitambaa wa watu. Nilipima, nikaandika, nikashona. Kutazama namba ya juu yake, hata siku moja! Wateja nawajua hadi waliovimba miguu. Mwanangu nimemwona sketi.

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nimefanya zaidi ya hapo. Kila aliposinyaa, nilimshonea ili asionekane kasinyaa.

Jumapili, 9 Machi

Baba yake anasema ni usichana tu, utapita. Nikampa daftari. Akasoma. Akakaa kitandani nalo mapajani.

Mchana binti amekataa kula, eti ameshakula kwa shangazi yake. Nimempigia shangazi. Hajamwona tangu mwezi uliopita.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Kicheko. Nitamwita dukani, nimpime mbele ya binti. Tepe haina kompyuta. Mwenye macho haambiwi tazama, aone 29 mwenyewe, aone mtu mzima, mzuri, anayekula mkate akaomba chumvi. Kisha nitampeleka binti kwa daktari, na huenda atakubali bila vita.

Kicheko amekubali kuja keshokutwa. Sauti ilikuwa ndogo, nadhani ni mafua. Anasema hata yeye ana kanguo ka kunipa. Leo nimeshona nikiimba.

Jumatano, 12 Machi

Niko kwenye chumba cha kujaribia nguo, pazia nimefunga. Wote wawili wako huko nje. Nimewaambia natafuta pini.

Kicheko alipoingia, binti hakumtambua. Akaninong'oneza, yule wa bango anakuja saa ngapi? Mimi mwenyewe nilichelewa kumtambua. Nikasema moyoni ni mafua, ni mafua. Nikamzungushia tepe haraka kabla sijaogopa zaidi.

Hakucheka ilipomgusa.

Nikaona namba, nikaifunika kwa kidole gumba. Lakini Kicheko akakisogeza kidole changu, polepole, akasoma kwa sauti, kama aliyefaulu mtihani. Ishirini na tano, mama. Unakumbuka nilikuwa ishirini na tisa?

Anasema bosi alimwonyesha ile picha tangu Januari, akamwambia tangazo lijalo aje mwembamba hivyo hivyo, kompyuta inawapotezea muda. Anasema barabarani watu wanamtazama, wanatazama bango, wanasema si yeye. Anasema anataka tu kufanana na picha yake. Kisha akatoa sketi kwenye mkoba. Ya kupunguza kiuno.

Nimeona macho ya binti. Amesikia 29. Ameniamini, hatimaye. Amesikia na 25.

Pini ninazo mkononi, ninazo tangu niingie humu. Nawasikia kupitia pazia. Binti anamuuliza amefanyaje kufika 25. Anauliza taratibu, kwa adabu, kama anayeuliza njia.

Kicheko bado hajajibu. Natoka.