Dirisha la Jikoni

Malindi, Unguja
Machi 1958

Mwanangu Mkadam,

Barua yako imenikuta mzima, ila goti langu ndilo lile lile. Mlangilangi wa uani umechanua. Nimekukaushia maua kidogo, yamo humu ndani, uyatie baina ya nguo zako.

Hongera, baba. Nilijua utafaulu, lakini kusikia kwamba utasomesha chuo kikuu huko huko Uingereza, nimelia. Watu wananiuliza utasomesha nini. Nnawaambia, namna serikali zinavyoamua mambo ya watu: maji yapite wapi, skuli ijengwe wapi.

Umeniuliza, kwa ajili ya kitabu chako, uchaguzi wa mwaka jana umetugeuza vipi. Mimi siasa siijui. Nnachojua ni kuwa mimi na Bi Mwanakheir, jirani aliyekulea kwa uji wake, hatusemezani. Yeye ana chama chake, sisi tuna chetu. Hata chumvi haivuki ukuta.

Barua yako niliisoma kwa sauti, nimesimama kwenye dirisha la jikoni linalotazamana na lake. Nilipofika pale pa kufaulu kwako, kikatoka kigelegele kule kwake, kirefu, halafu kikakatika, kama mtu aliyekumbuka kuwa tumenuniana.

Sikumwita. Lakini nilirudi nikasoma tena toka mwanzo.

Basi ukiandika, andika barua ndefu, na umsalimie Bi Mwanakheir mwanzo kabisa. Nitaisoma pale pale dirishani.

Shangazi yako akupendaye,
Biasha