Pipa la Mzee Issa

Newala, Jumatatu, 3 Agosti 1992

Mazoezi tena bila Somoe. Nahodha wetu, mfungaji wetu, na jioni ya leo pia hayupo. Yuko bondeni anateka maji. Pampu ya mji imekufa tangu masika, hakuna wa kuitengeneza. Wanaita mageuzi. Soko limekuwa huria, mitumba imejaa hadi milangoni, na msichana amekabidhiwa ndoo.

Nimetoka Nakuru kuja kuwa mwanagenzi. Mimi, miaka arobaini na sita, niliyefukuzwa gazetini kwa kalamu kali. Eti shirika la misaada linifunze kuwainua wasichana kwa mpira wa pete. Kuwainua! Wanapanda mlima huu na ndoo kichwani kila siku.

Jumamosi tunacheza Masasi. Bila Somoe tutaaibika.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda kwa baba yake, Mzee Issa. Nilijiandaa. Haki za mtoto wa kike, ukoloni, mfumo dume, nimemwaga yote. Alisikiliza huku anabangua korosho.

"Mama Njeri, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mke wangu ana kichanga, hawezi kushuka bondeni. Somoe akilala Masasi, sisi tunakunywa nini? Haya maneno yako?"

Mkewe alicheka huko ndani. Nimeondoka nawaka. Kibaya zaidi, ana hoja.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeandika makala ya kuwachoma wote, kuanzia wakubwa wa maji hadi Mzee Issa. Nimeisoma. Nzuri sana. Haina tone la maji.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimewaeleza wasichana hali ilivyo. Mwanahamisi, mlinzi wetu, mwenye mdomo kuliko wote, hakuniacha nimalize.

"Kesho hakuna mazoezi. Tunakwenda kujaza pipa la kina Somoe."

Nimepinga. Miguu ipumzike kabla ya mechi! Wamenitazama kwa huruma.

Ijumaa, 7 Agosti

Tumeshuka alfajiri, timu nzima. Nami na ndoo. Wakati wa kupanda maji yalinimwagikia kifuani. Mwanahamisi nyuma yangu:

"Mama Njeri, unamwagilia mihogo ya nani?"

Nimemtukana kwa Kikikuyu. Wamecheka hadi ndoo zikayumba. Zao hazikumwagika.

Tukashuka tena, na tena. Pipa limejaa hadi ukingoni. Mzee Issa alilitazama, akaingia ndani, akatoka na raba za Somoe. Akampa mkononi.

Mchana tumepanda lori.

Masasi, Jumamosi, 8 Agosti

Mashabiki wao wametupokea kwa kejeli: "Newala, mmekuja kuoga?"

Mwanahamisi: "Tumekuja kuwaogesha!"

Kipindi cha pili wenyeji wanahema, wetu wanaruka kama ndiyo kwanza wanaanza. Somoe kila akirusha, mpira unatumbukia. Tumeshinda. Nimelia mbele za watu na sioni haya. Hawa hawakuinuliwa na shirika wala na mimi. Miguu ile ni yao wenyewe. Najivunia kuwa nao. Najivunia mno.

Newala, Jumapili, 9 Agosti

Mwili wote unauma. Maji ya pipa yameshuka hadi nusu. Nimemkuta Somoe ameshashika ndoo, bado amevaa jezi. Nami nilikuwa na yangu.

Mzee Issa ameniuliza mechi ijayo lini. Nimemjibu kwa neno moja, "Jumamosi," nikamfuata binti yake bondeni.