Watu Mia Nane wa Wexler

Irving, Texas
Machi 1999

Mama,

Nakubusu mikono. Kikohozi kimeniacha, alhamdulillahi.

Umeona hapo juu nimeandika Texas. Ndiko niliko. Ule mji wa Wexler nilikokwambia nasoma, wenye wakulima mia nane na mahindi kila upande, uliojengwa na Wajerumani, sijapata kuukanyaga. Niliusoma kitabuni. Mitihani ya chuo ilinishinda. Sasa nasukuma viti vya wagonjwa uwanja wa ndege.

Jana nilimsukuma kitini bibi kizee aliyeniambia anatoka Wexler. Nikamwambia mamangu, kule Malindi, huwaombea mvua kila Ijumaa. Akanishika mkono.

"Mwambie tulivuna."

Niliona haya, nikashindwa kumtazama.

Nisamehe. Lakini dua usiikate, Mama. Watu wale wapo kweli.

Mwanao,
Abdulhafidh