Kidole Kizima

Mtaa wa Wafumaji, Nyumba Na. 14,
Kineshma.
Jumanne, 2 Machi 2004

Mpendwa kaka yangu Demyan,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyumba ile ile yenye ngazi ya mbao inayolia ukiikanyaga. Sisi hatujambo, ukiacha maradhi ya kawaida ya watu wa rika letu. Mke wangu Alevtina mgongo unamsumbua tangu theluji ya Januari, na mimi sikio la kushoto halisikii sawasawa, jambo ambalo siku nyingine nalishukuru. Je, wewe hujambo? Ile nyusi iliyochanika haikuumi wakati wa baridi? Shemeji Inessa naye yu mzima? Natumaini nyote mna afya njema huko Moscow.

Huku barafu ya Volga bado ni ngumu na wavuvi wamekaa juu yake kwenye vibao vyao. Kiwanda cha nguo kimebakiwa na zamu moja tu, na ufundi wangu wa mitambo hauna mitambo. Siku hizi nachochea tanuri la bafu la mvuke la mji. Usinihurumie. Mji mzima unatetemeka, mimi peke yangu natoka jasho.

Barua yako nimeipata. Mistari minne, kaka! Miaka sita sijauona mwandiko wako, na kumbe haujabadilika. Bado unaandika kama mtu anayefukuzwa. Unasema umemwandikisha mwanao Kirill katika klabu yetu ili ashindane kama mtu wa mkoa wetu, kwa sababu Moscow mabondia ni wengi mno. Unasema fainali ya mkoa ya tarehe 13 huenda ikamkutanisha na mwanangu Savely. Halafu unamalizia: "Utaratibu wetu unaujua." Ndiyo, naujua. Kuna mtu anayeujua kuliko mimi?

Kocha Nazar Ignatyevich alitufundisha mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, kule chini ya ardhi kwenye chumba cha mazoezi, kwamba waliokula bakuli moja hawatoani damu hadharani. Vijana wake wawili wakikutana fainali, mmoja anafungwa bandeji na kukaa benchi, mwingine anainuliwa mkono. Sikuwahi kuulalamikia utaratibu huo. Ulikuwa wa heshima pale bakuli lilipokuwa moja kweli. Lakini Kirill alikula bakuli gani na sisi? Kijana kazaliwa Moscow, ukimwacha kituo cha treni hapa hajui hata upande wa mto.

Sasa na mimi nina yangu, kaka, na leo nitayasema. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Unaukumbuka mwaka wa 1983? Mimi na wewe, uzito mmoja, fainali ya mkoa. Mazoezini nilikuwa nakushinda siku tatu kati ya tano, na Nazar Ignatyevich alijua, na wewe ulijua. Ulikuja asubuhi na bandeji na chupa ya iodini, ukaketi kitandani kwangu, ukanifunga kidole gumba cha mkono wa kulia kwa mkono wako mwenyewe. Ulikifunga vizuri, raundi kwa raundi, mpaka kikawa kama mtoto wa kabichi. Ukaniambia, "Mwaka huu mimi, mwakani wewe, Prosha. Sisi ni damu moja." Nami nilicheka! Nilidhani nakufanyia hisani ndugu yangu.

Jioni ile Bibi yetu Pelageya aliweka meza. Medali yako ikatumbukizwa kwenye glasi ya vodka kama desturi, glasi ikazungushwa, na ilipofika kwangu nikainywa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wageni walikuwa wananitazama. Mjomba Foma akapiga kelele, "Pole, Prosha! Nuksi imekupata kidoleni, si ulingoni!" Wote wakaangua kicheko, na wewe ukacheka kuliko wote.

Hili sijawahi kukwambia. Bibi alinivuta jikoni anipake mafuta ya bata bukini, akaifungua bandeji. Akakitazama kidole, akakikunja, akakinyoosha.

"Mbona kizima hiki?" akasema. "Nani kakufunga?"

"Dyoma," nikamjibu kwa jina lako la nyumbani.

Mezani walikuwa wanaimba jina lako. Kisha akachukua bandeji, akanifunga tena.

"Basi kaa nayo mpaka wageni waondoke," akasema. Wala hakulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Kutoka hapo ulipanda. Ukaenda mashindano ya Urusi mwaka ule ule ukarudi na dhahabu. Jeshi likakuchukua kwa ajili ya ngumi. Bunduki uliishika siku ya kiapo tu. Ukawa bingwa wa Muungano wa Sovieti mara mbili, ukachukua Ulaya, ukapewa gari na nyumba ya vyumba vitatu, na picha yako ikatundikwa ukumbini hapa, kati ya saa na tangazo la kukataza kuvuta sigara. Nilijivunia, kaka, usidhani namung'unya maneno. Pambano lako la Ulaya nililitazama kwa jirani nikiwa nimesimama, na ulipomwangusha yule Mjerumani kwa ngumi ya kushoto ya mbavuni, nilipiga yowe mpaka jirani akanipa maji.

Ila ngumi ile niliifahamu kwa mbavu zangu. Uliijifunza juu yangu mimi, majira matatu ya baridi, kila jioni. Kisha mwandishi wa gazeti akakuuliza ulianzaje, ukajibu, "Nilianza peke yangu, chumbani chini ya ardhi." Peke yako! Na mimi nilikuwa nini mle chumbani, gunia la mchanga?

Na ile "mwakani wewe" ilifika, si ndiyo? Ulirudi mkoani ukiwa bingwa wa Urusi, na Nazar Ignatyevich akasema haiwezekani bingwa wa Urusi ahatarishwe nyumbani. Kidole changu kikaumwa tena. Mwaka wa tatu hakuna aliyehangaika hata kuniletea bandeji. Savely alikuwa tumboni, zamu kiwandani zilikuwa ndefu, nikaacha. Wakanivika kilemba cha ukoka: "Prokhor ana moyo wa dhahabu." Moyo wa dhahabu hautundikwi ukumbini.

Ulistaafu kwa heshima baada ya nyusi kuchanika. Ukawa kocha kwenye kambi kubwa ya mabondia, ukawa mtu ambaye simu zake hupokewa na watu wengine. Nilipokupigia Bibi alipofariki, msichana mmoja aliniuliza, "Unapiga kuhusu nini?" Nikamwambia bibi yake Demyan amefariki. Ulituma shada la maua lenye utepe, zuri sana. Wewe mwenyewe hukuja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Savely hatakaa benchi. Ana miaka kumi na minane, ana mkono wa kulia ambao hata Nazar Ignatyevich, pamoja na uzee na ubahili wake wa sifa, ameusifia. Majira ya baridi yote ameamka gizani akakimbia kwenye theluji ya ukingo wa mto. Akishinda mkoa anakwenda mashindano ya Urusi, na huko watamwona wenye macho. Akipigwa na Kirill, apigwe kihalali, nitampangusa damu na kumshika Kirill mkono. Lakini apande ulingoni.

Alhamisi, 4 Machi

Nilikuwa nimeshaweka nukta na kukunja karatasi, leo nimeikunjua tena. Kaka, nilikuandikia kama mwanamume, kumbe wewe ulikuwa umeshanizunguka kwa nyuma ya nyumba.

Jana Savely alirudi kutoka mazoezini, akavua koti kwa mkono mmoja. Kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji. Alevtina akaacha mwiko kwenye supu ya kabichi, akamkimbilia: "Mwanangu, umeumia?" Savely akasema kimeteguka, si kitu, mama, lakini tarehe 13 sitaweza. Alisema huku akiitazama chumvi iliyokuwa mezani.

Nilimngoja mama yake aende kwa jirani. Nikamwambia lete mkono. Hakuleta. Nikauchukua, nikaifungua bandeji, raundi kwa raundi, nikakikunja kidole, nikakinyoosha. Kilikuwa kizima kama siku aliyozaliwa.

"Nani kakufunga?" nikamuuliza. Ni maneno ya Bibi, yametoka kinywani mwangu.

"Nimejifunga mwenyewe, baba. Usinianzie."

"Nani kakwambia ujifunge?"

"Baba mkubwa Demyan kanipigia simu. Mwenyewe, siyo karani wake. Kasema mwaka huu Kirill, kisha vuli hii ananiingiza kambini, na mwakani ni zamu yangu. Sisi ni damu moja."

Umeyatumia maneno yale yale, Dyoma! Miaka ishirini na moja, hukujipa hata taabu ya kutafuta mengine.

Hapo ndipo nikamwambia. Nilikaa kwenye kiti cha Bibi nikamwambia yote, kitanda, iodini, glasi, mafuta ya bata. Kwa maana kosa moja ni langu, na sitakubebesha. Tangu akiwa mdogo nimemwambia Savely kwamba mwaka wa 1983 nilivunjika kidole. Niliona haya kumwambia mwanangu kwamba nilikuwa mzima na nikakaa benchi. Nilimwonyesha hata mahali penyewe. "Gusa hapa, kukiwa na baridi panauma." Naye aligusa, akanionea huruma, akakua akiamini baba yake aliangushwa na bahati mbaya. Lau angeujua ukweli, jana angecheka ulipompigia simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataitupa ile bandeji jikoni motoni.

"Kumbe ulikuwa mzima," akasema. "Miaka yote."

"Nilikuwa mzima."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Wewe usinyamaze. Atakufanya alivyonifanya mimi."

"Wewe hukuwa na kambi, baba. Ulipewa maneno matupu. Mimi nimepewa mwezi na tarehe." Akaokota bandeji sakafuni. "Nikimkatalia baba mkubwa, nani mwingine atanifungulia mlango Moscow? Wewe? Kutoka bafuni?"

Nilitaka kumzaba kofi. Sikumzaba, maana alikuwa amesema kweli.

Akaanza kujifunga tena, taratibu, ncha moja ameiuma kwa meno. Alipomaliza akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayefanya mpango wa nyumba, "Nikipata mtoto na mimi nitamwambia kilivunjika." Kisha akakaa akala supu yake kwa mkono wa kushoto.

Kaka, hapa hasira yangu imeniishia, na kilichobaki ni kibaya zaidi. Sina la kumshika nalo mwanangu. Sina cheo, sina simu inayopokewa. Nazar Ignatyevich nimemwendea leo asubuhi, kanimiminia chai, kanipa jamu ya rasiberi, kasema, "Prokhor, kijana ameamua mwenyewe." Hata mimi niliamua mwenyewe. Ndivyo mambo haya yalivyotengenezwa, mtu ajifunge mwenyewe halafu ashukuru.

Aliyemfunga ndiye anayeweza kumfungua. Neno lako moja tu linatosha: mwambie kambi ipo, apigane, asipigane, ashinde, ashindwe. Au mwambie kambi haipo, kama haipo, ajue leo. Mimi haki yangu ya 1983 siidai tena. Ichukue, itundike ukumbini pamoja na picha yako. Nataka haki moja tu, ya mwanangu.

Barua hii sitaipeleka posta, itachelewa. Kesho jioni naikabidhi kwa Glafira, mhudumu wa behewa la saba la treni ya Moscow, aliyesoma na sisi. Amesema ataileta mpaka mlangoni na hatamwachia msichana yeyote wa simu. Atakuletea pia matango ya chumvi ya Alevtina, mtungi mmoja, usiuvunje.

Nisalimie shemeji Inessa na Kirill. Mwambie Kirill sina chuki naye. Yeye naye anaibiwa pambano lake, ila hajui. Alevtina anakusalimu, hajui ninayoyaandika. Shangazi Klavdia anakusalimu na anauliza lini utakuja kumwona kabla hajafa. Savely hakusema nikusalimu, amesema nikwambie kidole kinaendelea vizuri.

Mungu akulinde, akupe uzee wenye usingizi. Tarehe 13 pambano ni saa sita mchana, na treni ya usiku wa Ijumaa inafika saa mbili asubuhi. Nitakuwa kituoni nikingoja nikiwa na mkasi. Ukishuka, twende nyumbani, ukae kitandani kwa Savely kama ulivyokaa kwangu, umfungue mwanangu kwa mkono ule ule ulionifunga mimi. Usiposhuka, nitarudi na mkasi wangu, na tangu siku hiyo wewe na mimi hatujawahi kula bakuli moja.

Mimi, anayekupenda hata sasa,

Prokhor